Mwewe Hajapita Mwimbi

Msonyo wa kwanza uwaendee wanaokata vitabu. Mtu huko Ulaya anapata juzuu nzima ya gazeti la picha la miaka ya 1800, imejalidiwa vizuri, kurasa zimetulia mahali pake tangu zilipochapwa, halafu anashika wembe. Ukurasa wenye picha ya mji anauchomoa, anautia fremu, anauuza. Wenye meli, fremu. Wenye vita, fremu. Habari iliyoandikwa kuieleza picha ile ilikuwa ukurasa wa pili wake, nayo haina mnunuzi, basi inatupwa pamoja na jalada. Karatasi ikishafika ukutani kwa mtu imekuwa bubu. Hakuna anayejua tena nani aliichora, alisimama wapi, alitaka kuonyesha nini. Mch! Tumesonya hapa kijiweni mpaka mama anayechoma mahindi akageuka kututazama.

Nazungumzia ramani za miji za aina yake, zile ambazo mchoraji anauonyesha mji kana kwamba yuko angani, kwa mshazari. Mitaa unaiona imejipanga kama kwenye ramani ya mpima ardhi, lakini nyumba nazo zimesimama: milango, madirisha, miti, moshi, mashua ufukweni, hata vijitu vidogo vikivuka barabara. Kijiwe kimezipa jina ramani za mwewe, na jina limeshika. Mwewe akizunguka juu ya uwanja wa mtu haoni bati peke yake. Anaona kifaranga, anaona mlango ulioachwa wazi, anaona nani hayupo nyumbani.

Mimi nazikusanya. Zilizo nyingi ni nakala nilizochapisha kwenye steshenari ya Sumbawanga kutoka mafaili ya maktaba za ng'ambo. Chache ni karatasi zenyewe, alizonibebea mpwa wangu aliyesoma Ubelgiji. Naziweka kwenye bahasha ngumu, pakavu, mbali na moshi wa jikoni. Karatasi za zamani zaidi zilitengenezwa kwa vitambaa chakavu, na hizo zinavumilia. Kadiri karne ilivyosogea, viwanda vilihamia kwenye mbao zilizosagwa, na karatasi ya mbao ina asidi yake ndani: inageuka kahawia, inakakamaa, inamegeka pembeni ukiigusa. Ya miaka ya 1840 unaweza kuikunja leo na isidhurike. Ya miaka ya 1890 usijaribu.

Kijana mmoja wa bodaboda alinihoji, na alihoji vizuri. "Mzee, si uingie kwenye simu uangalie setilaiti? Dunia nzima ipo mle, tena bure." Tukaingia. Tukaitafuta Mwimbi yetu, tukaipata, barabara ikikatiza katikati na mashamba yamelala pande zote. Fundi cherehani akaombwa aonyeshe nyumba yake. Akahangaika na kidole, akataja bati la kwanza, akalikana, akataja la pili. Mtu aliyezaliwa hapa! Kosa si lake. Setilaiti inatazama wima, kwa hiyo inakupa mapaa, na mapaa ya bati yote ni ndugu. Hakuna mtu anayemjua jirani yake kwa paa. Tunajuana kwa mlango, kwa kibaraza, kwa mparachichi ulioegemea ukuta, na ramani ya mwewe imechorwa hivyo hivyo tunavyojuana. Ndiyo maana picha ya mji wa Marekani iliyochorwa miaka 150 iliyopita bado inamwezesha mjukuu kuonyesha duka la babu yake.

Gazeti lililofungua njia ni The Illustrated London News. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 14 Mei 1842, mwenye nalo Herbert Ingram, nalo likawa la kwanza la kila wiki kuzipa picha kiti cha mbele badala ya kuzitupia pembeni ya maandishi. Ili apate wasomaji wa kudumu, Ingram aliahidi zawadi: atakayelipia miezi sita atapewa picha kubwa ya London nzima. Ahadi ikatimizwa Januari 1843. Picha ile ilipita upana wa mita moja. Ilitokana na kazi ya Antoine Claudet, Mfaransa mwenye studio huko London, ambaye kamera yake ilipandishwa juu ya mnara wa Duke of York ikapiga mji upande wa kaskazini na upande wa kusini, kwenye mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha kama ilivyokuwa kwa kamera za mwanzo. Kisha wachongaji wakaihamishia kwenye mbao.

Hapo fundi seremala alisogeza kigoda karibu. Nikamweleza kwamba mti wenyewe unaitwa boksi, mti mgumu unaokua polepole, na kwamba walikuwa wanaukata kwa kukingama shina, wakachonga upande ule wa duara. Akaelewa kabla sijamaliza. Ukichonga ubao uliopasuliwa kwa urefu, kisu kikienda kinyume cha nyuzi kinararua. Ukichonga kwenye kikato cha shina, nyuzi zimesimama wima, chombo cha kuchongea kinapita pande zote, mstari unatoka mwembamba kama unywele. Lakini shina la boksi ni jembamba. Ubao wa kutosha ukurasa mzima haupatikani. Wakawa wanaunga vipande vingi kwa bolti na nati kwa nyuma. Habari ikiwa ya haraka, mchoraji anachora picha yote juu ya ubao uliounganishwa, kisha bolti zinafunguliwa, kila mchongaji anapewa kipande chake, huyu mawingu, yule mapaa, mwingine nusu ya kanisa, wanachonga usiku kucha. Asubuhi vipande vinaungwa tena, na fundi mkuu anapita kwenye maungio kuipatanisha mistari isiachane.

Kupatanisha kwenyewe hakukuwa kamili kila mara. Ukiitazama karatasi kwa makini utaona mstari mweupe mwembamba umekatiza anga, umeshuka mpaka kwenye majengo, umenyooka kuliko kitu chochote ambacho mchoraji angekichora. Ndipo vipande vilipokutana. Anayeanza kukusanya aanze na mstari huo. Kisha ageuze karatasi: gazeti lilichapwa pande zote mbili, kwa hiyo mara nyingi nyuma ya picha pana maandishi, na usisikitike ukiyaona, yafurahie. Kisha achukue lenzi. Mchongo wa kweli chini ya lenzi ni mistari. Nakala ya kisasa ni vidoti. Na rangi isimbabaishe mtu. Picha nyingi za magazeti yale zilitoka nyeusi tupu, na rangi unazoziona leo ziliongezwa kwa brashi miaka mingi baadaye ili karatasi ipande bei. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi sipendi. Anayepaka bahari bluu na mapaa mekundu kwenye picha ya mji ambao hajauona ameongeza ushahidi wa uongo juu ya ushahidi uliokuwepo.

Jambo lililowashtua vijana zaidi ni hili: wachoraji wa ramani za mwewe hawakuruka. Baluni zilikuwepo, ni kweli. Nadar alipiga picha kutoka kwenye baluni karibu na Paris mwaka 1858, na James Wallace Black akapiga Boston mwaka 1860. Ila hao waliochora miji ya Marekani baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akina Albert Ruger, Thaddeus Fowler na Oakley Bailey, walifanya kazi kwa miguu. Mtu anashuka kwenye treni na daftari lake. Anatafuta ramani ya mitaa ya mji. Anaichora upya kwa mshazari, mitaa ya mbele mipana, ya nyuma inabanana. Kisha anatembea, mtaa baada ya mtaa, anachora kila nyumba: ghorofa ngapi, madirisha mangapi, baraza liko upande gani. Jioni anazipandisha nyumba zile kwenye ramani yake, moja moja. Fowler peke yake alichora miji zaidi ya 400. Maktaba ya Bunge la Marekani, kule Washington, inatunza ramani za namna hiyo zaidi ya elfu moja, na nyingi unaweza kuzifungua kwenye simu hiyo hiyo tuliyotazamia setilaiti.

"Kumbe ni kazi ya miguu," alisema yule kijana wa bodaboda, na nikaona macho yake yamebadilika. Nani anayejua Mwimbi kwa miguu na kwa magurudumu kumshinda yeye? Anajua kwa nani kuna mbwa mkali, kwa nani geti limepakwa rangi mpya, njia ipi haipitiki masika. Alichokosa ni daftari.

Nikamtahadharisha kuhusu jambo moja, nalo ni zito. Wale Wamarekani walikuwa wanauza ramani kabla ya kuichora. Walizunguka mjini wakiandikisha wanunuzi, na aliyelipa zaidi nyumba yake iliwekwa kwenye kijipicha chake cha pembeni, kubwa, maridadi, jina lake chini. Kiwanda kikachorewa moshi mzito hata kama siku hiyo kilikuwa kimefungwa, kwa sababu moshi ulikuwa dalili ya pesa. Viwanja vitupu vikajazwa nyumba ambazo zilikuwa bado kwenye ndoto za madalali. Kwa hiyo ramani ya mwewe ni shahidi anayesema kweli kuhusu mambo mengi na aliyehongwa kuhusu machache. Kazi ya mkusanyaji ni kujua machache hayo ni yapi. Na utayajuaje kama habari iliyoandamana na picha imetupwa? Ndiyo maana nasonya.

Sasa tuje kwetu. Pwani yetu iliingia kwenye picha za namna hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1572, mjini Köln, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao cha miji ya dunia, Civitates Orbis Terrarum. Ndani yake kuna ukurasa mmoja wenye Aden juu, na chini yake vijipicha vitatu: Mombasa, Kilwa na Sofala. Kilwa! Mji ambao Wareno waliushambulia mwaka 1505, unaonekana pale nyumba zimebanana kisiwani, kwa mkono wa watu waliokuwa Ujerumani, waliotegemea walichopelekewa. Mwalimu wetu mstaafu aliitazama nakala kwa muda, akasema, "Hawa wameipa Kilwa mapaa ya Ulaya." Kweli kabisa. Mchongaji aliyetakiwa kuchora paa asilolijua alichora la kwao.

Tabia hiyo haikuisha karne ya 19. Le Tour du Monde, jarida lililoanzishwa Paris mwaka 1860 na Édouard Charton, lilitoa mwaka huo huo safari ya Burton kwenye maziwa makuu yetu. Michoro ya jarida lile ni mizuri mno, mkono wa mabingwa. Ila mabingwa hao walikuwa wamekaa Paris. Msafiri analeta kijichoro cha penseli kilicholowa mvua, pengine maneno matupu, na bingwa anajaza yaliyobaki: mtende pale, mlima pale, mtu kasimama na mkuki pale. Kibaya zaidi, sahani za metali zilizotokana na mbao zile zilikuwa zinauzwa kutoka jarida moja kwenda jingine, nchi hadi nchi. Globus la Wajerumani, lililoanza 1862, lilitumia picha nyingi zilizotoka kwa Wafaransa. Picha moja ikatembea na maelezo mapya kila ilipofika. Ukikuta karatasi moja inauzwa imeandikwa hivi, na nyingine ya picha ile ile imeandikwa vile, usishangae. Tafuta ya kwanza, tafuta tarehe, tafuta habari yake.

Unguja ndiyo iliyochorwa kuliko mji wowote wa kwetu. Na Unguja ina kipimo chake kizuri cha miaka, nakitoa bure kwa yeyote. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, enzi za Sultani Sayyid Barghash. Mbele yake ulikuwepo mnara wa taa uliosimama peke yake, karibu na maji. Tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya kufa Sayyid Hamad bin Thuwaini na Khalid bin Barghash kujitwalia kiti, manowari za Waingereza chini ya Admirali Harry Rawson zilipiga kasri kwa mizinga asubuhi, na kabla ya saa moja kuisha kila kitu kilikuwa kimekwisha, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakiwa wamekufa au kujeruhiwa. Jumba la Beit al-Hukm likabomoka, mnara wa taa ukaharibika vibaya, ukaondolewa. Mwaka uliofuata Beit al-Ajaib ikapata mnara wa saa kwenye uso wake. Basi: ukiona jengo na mnara wa peke yake, picha ni ya kati ya 1883 na 1896. Ukiona mnara umepanda juu ya jengo lenyewe, ni ya baada ya hapo. Muuzaji akikuambia vingine, mrudishie karatasi yake. Na tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo lile ilipoporomoka, michoro na picha za kale si mapambo tena. Anayejenga upya atauliza nguzo ilikaa wapi, na karatasi iliyokatwa na wembe inaweza kuwa ndiyo yenye jibu.

Lakini tazama mchoraji amesimama wapi. Karibu kila mchoro wa Unguja wa magazeti yale umetazama mji kutoka baharini. Ya 1896 ndiyo kabisa: jicho liko upande wa mizinga. Mbele unaona kasri, forodha, balozi za mataifa, bendera zake, nyumba nyeupe za mawe. Nyuma ya mji wa mawe kulikuwa na mkono wa bahari, na ng'ambo ya maji yale kulikuwa na Ng'ambo yenyewe, nyumba za udongo na makuti, watumwa na waliokuwa watumwa, wachukuzi, mafundi, waswahili wa kila kabila la bara, wakiwemo waliotoka huku kwetu upande wa Ziwa Tanganyika. Ng'ambo haimo. Ikiwemo ni mstari wa minazi kwenye upeo. Mwewe wa magazeti ya London alikuwa ametua kwenye mlingoti wa meli na hakutaka kusogea.

Mwalimu alinyamaza kidogo, akauliza, "Na sisi je? Ufipa yetu imo?" Swali hilo nilikuwa nalisubiri.

Ufipa haimo. Nimepekua kwa kadiri nilivyoweza. Ujiji imo, maana mwaka 1872 magazeti ya picha yalijaa habari za Stanley na Livingstone pale chini ya mwembe. Karema ina njia yake: kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo pale mwaka 1879, na mwaka 1885 kikaenda mikononi mwa Mapadre Weupe, kwa hiyo anayeitafuta Karema aanzie kwenye Les Missions catholiques, jarida la kila wiki la Lyon lililoanza 1868, ambalo lilipenda sana kuonyesha vituo vya misheni. Ufipa ya juu ilipitwa. Joseph Thomson alivuka nchi hii mwaka 1880, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyeachiwa msafara baada ya mkubwa wake Keith Johnston kufa Behobeho mwaka uliotangulia, na kiongozi wa wapagazi wake alikuwa Chuma, mmoja wa wale walioibeba maiti ya Livingstone. Thomson aliliona Ziwa Rukwa akiwa juu ya milima yetu, akalipa jina la Leopold, akaenda zake. Aliandika kitabu. Mji wa kwetu kwa jicho la mwewe hakuacha. Wajerumani walipokuja kujenga boma lao Kasanga mwishoni mwa miaka ya 1890, wakaita Bismarckburg, ufundi wa kuchonga mbao ulikuwa unakufa. Magazeti yalikuwa yamegundua namna ya kuchapa picha ya kamera moja kwa moja. Enzi ya mchongaji na boksi ilifungwa sisi tukiwa bado mlangoni.

Hilo linaniuma, nalisema wazi, kwa sababu hakuna nchi iliyofaa zaidi. Wamarekani walilazimika kujifanya wako juu. Sisi tuko juu! Nenda ukingo wa Lyambalyamfipa, pale barabara ya Muze inapoanza kuteremka, utazame bonde la Rukwa limelala chini yako, vijiji, mpunga, ziwa kule mbali linalopanda na kushuka ufuko wake kila kizazi. Au toka Matai uelekee Kasanga: ziwa Tanganyika liko karibu mita elfu moja chini ya uwanda wetu, na kabla hujafika unaiona ghuba, mashua, bandari, yote kwa mshazari, kama alivyotamani Fowler maisha yake yote. Maporomoko ya Kalambo yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, na unayatazama kutoka juu. Mtoto wa Ufipa anakua akitazama dunia hivi. Kalamu tu ndiyo haikuletwa.

Fundi seremala akasema tuchore sasa. Muuza mbegu wa hapo kijiweni akabisha: tuchore nini, Mwimbi ina nini cha kuchora, nyumba za matofali ya kuchoma na mashine ya kusaga? Akasonya. Wakasonyana. Mimi nikamjibu muuza mbegu kwa heshima zote. Fowler alichora miji iliyokuwa na kanisa moja, kinu kimoja na reli. Leo baadhi ya miji ile imebaki karatasi tu. Na sisi tunayo mambo yanayoondoka tukiyatazama. Matuta ya duara ya Kifipa, yale ya kufukia majani ili yaoze yawe mbolea, kutoka juu yanaonekana shamba zima limejaa nukta. Trekta na mbolea ya dukani zinayafuta mwaka hadi mwaka. Tanuri za chuma za mababu, zilizopita kimo cha mtu, zilizoyeyusha mawe bila hata mivuo kwa nguvu ya hewa iliyojivuta yenyewe chini kwenda juu, zipo maporini zinaliwa na mvua, na wengine wanazibomoa wakilima. Nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi nene, zile zinazotunza joto Juni upepo unapokata masikio, zinabaki kwa wazee. Setilaiti haitakuambia lipi ni tanuri na lipi ni kichuguu. Mzee wa miaka themanini atakuambia, leo, akiwa kwenye kiti chake.

Na zilizokwisha kuchapwa tuzirudishe. Sisemi tununue karatasi zenyewe, bei zake ni za magunia ya mahindi, na kila anayenunua karatasi moja moja anamnolea wembe yule mkataji. Anayetaka kununua anunue juzuu nzima au aache. Nakala zipo bure. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa inayo Le Tour du Monde kwenye Gallica, kurasa zote, picha na habari yake pamoja, bila kukatwa. Shule ya sekondari yenye kompyuta moja na mwalimu mmoja wa historia mwenye moyo inaweza kuchapisha Kilwa ya 1572, Ujiji ya 1872 na Unguja ya 1896, ikazibandika darasani na maelezo yake chini, kwa Kiswahili, yakiwa na jibu la maswali matatu: nani alichora, alisimama wapi, nani hakuchorwa. Nyumba za misheni na ofisi za zamani mkoani mwetu nazo zina makabati. Wenye funguo wayafungue kabla mchwa hawajayafungua wao. Wakikuta jarida, wasikate kitu. Wapige picha mbele na nyuma, waandike jina la jarida, tarehe, namba ya ukurasa.

Kazi yetu wenyewe imeanza kupangwa. Kijana wa bodaboda atatembea na daftari, mtaa kwa mtaa. Fundi seremala atapiga mistari ya mshazari, maana ndiye mwenye mkono ulionyooka. Mwalimu atakaa na wazee kuandika majina: nani alijenga hapa kabla ya huyu, kisima cha zamani kilikuwa wapi, njia ya kwenda ziwani ilipita shamba la nani. Viwanja vitupu vitachorwa vitupu. Michango itakusanywa ya karatasi na wino, na tumekubaliana kwamba hakuna nyumba itakayokuzwa kwa sababu mwenyewe katoa hela nyingi. Tajiri mmoja ameshanuna.

Tunachobishania bado ni upande wa kutazamia. Mwalimu anataka tuchore kutoka barabarani, wanakoingilia wageni, maduka yatakaa mbele na bango la shule litasomeka. Muuza mbegu naye, aliyekuwa hataki kabisa, sasa anataka barabarani, duka lake liko huko. Mama wa mahindi amekataa katakata. Anasema wanawake wa Mwimbi wanarudi nyumbani kutoka upande wa mashambani, kuni kichwani, na huko ndiko milango ya jikoni ilikoelekea, huko ndiko vihenge viliko, huko ndiko watoto wanakocheza; mkichora kutoka barabarani mtaonyesha kuta za mbele za wanaume sita wenye maduka, na kijiji chote kitakuwa nyuma. Mwalimu alimwambia, "Mama, ramani zote za mji huanzia mbele." Akamjibu kwamba mbele ni pale anapotokea mwenye nyumba. Mimi nimeshapiga kura yangu upande wa mashambani. Nikamtolea mwalimu karatasi ya Unguja kwenye bahasha, nikamwomba anionyeshe Ng'ambo iko wapi.